Usawazishaji wa uzito wa ekseli za semi-tela

Usawazishaji wa uzito wa ekseli ni kazi ya kupanga shehena na kurekebisha mpangilio wa lori lenye tela ili kila kundi la ekseli libebe uzito usiozidi kiwango cha sheria. Lori linaweza kuwa halali kwa uzito wake wa jumla na bado likazuiwa mizani kwa sababu kundi moja limeelemewa. Katika Kanda ya Ziwa Victoria, hesabu hiyo hukaguliwa kwenye mizani ya Usagara, wilayani Misungwi, zinapokutana barabara za Mwanza, Shinyanga na Geita, na kwenye mizani ya Rubana, wilayani Bunda, kwenye njia ya Musoma na Sirari. Mizani hiyo husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS).

Viwango vya sheria

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ilipitishwa na Bunge la Jumuiya mwaka 2013, na Tanzania ikaanza kuitekeleza mwaka 2019. Ekseli ya usukani huruhusiwa tani 8. Kwa ekseli zenye tairi mbili kila upande, ekseli moja huruhusiwa tani 10, kundi la mbili tani 18, na kundi la tatu tani 24. Semi-tela ya ekseli sita, yaani usukani, difu mbili (ekseli za kichwa zinazoendesha gari) na tatu za tela, hufikia tani 50. Ukomo wa juu kwa gari lolote la kawaida ni tani 56. Ekseli yenye tairi moja pana kila upande huruhusiwa uzito mdogo zaidi.

Kanuni ya wenzo

Tela huegemea sehemu mbili: pini ya mbele, inayokaa juu ya sahani ya kichwa cha lori, na ekseli zake za nyuma. Mzigo ukisogezwa mbele, difu hulemewa. Ukirudishwa nyuma, ekseli za tela hulemewa. Uzito unaohama hupatikana kwa kuzidisha uzito wa mzigo uliosogezwa kwa umbali uliosogezwa, kisha kugawa kwa umbali kati ya pini na katikati ya ekseli za tela.

Chukua lori la tani 48 lenye tani 7 kwenye usukani, 19.5 kwenye difu na 21.5 kwenye tela. Jumla ni halali, lakini difu zimezidi. Umbali wa pini hadi ekseli za tela ukiwa mita 8, kurudisha nyuma tani 8 za mzigo kwa mita 2 huhamisha tani 2. Usukani hubaki na takriban tani 6.9, difu 17.6 na tela 23.5. Lori limekuwa halali bila kushusha hata mfuko mmoja.

Njia za kurekebisha

Njia ya kwanza ni kupanga upya shehena. Ya pili ni kusogeza sahani ya kichwa, pale ilipoundwa kusogezwa. Kuisogeza mbele hupunguza uzito wa difu na kuongeza wa usukani: pini ikibeba tani 16 na umbali kati ya ekseli ya usukani na katikati ya difu ukiwa mita 4, sentimita 25 huhamisha tani 1. Njia ya tatu, iliyozoeleka zaidi Marekani, ni kutelezesha ekseli za tela chini ya chesisi.

Springi nazo hukaguliwa, kwani zilizolegea au kuvunjika huvuruga mgawanyo ndani ya kundi. Ekseli ya kuinuliwa isiposhushwa, ekseli nyingine za kundi hubeba sehemu yake.

Shehena za Kanda ya Ziwa

Saruji na mashudu ya pamba ni mizigo mizito kwa ujazo mdogo. Ikirundikwa kwenye ukuta wa mbele, difu huzidiwa hata tela ikiwa na nafasi tele nyuma. Kontena lililojaa minofu ya sangara huwa na mashine ya ubaridi upande mmoja, na uzito huo lazima uhesabiwe. Kontena zito la futi 20 juu ya tela ndefu hutakiwa kufungwa mahali panapogawa uzito, si popote penye kufuli. Kwa lori la mafuta, kumaliza vyumba vya mbele kwanza huzinyima tairi za difu mshiko, hasa mlimani wakati wa mvua.

Athari kwa barabara na usalama

Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 huharibu barabara karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Usukani uliozidiwa huchosha tairi za mbele na breki zake. Uliopungukiwa mno uzito hufanya gari ligome kufuata kona.

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na malori ya Geita yakaacha kungoja kivuko. Barabara hizi zimejengwa kwa fedha za umma, na kila ekseli iliyozidi uzito hula umri wa barabara hizo. Mahali sahihi pa kusawazisha uzito ni yadi ya kupakilia, kabla turubai halijafungwa. Anayesubiri hadi mizani hulipia kazi hiyo kwa muda, kwa tozo na kwa mzigo wake.