Mauaji ya Vikongwe Usukumani

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hata hivyo, historia ya Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria nchini Tanzania, yatuonyesha kuwa uzee wa mwanamke uliweza kuwa sababu ya kuuawa kwake.

Duniani kote wanaouawa kwa wingi ni wanaume. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2017, kati ya kila watu 5 waliouawa kwa kusudi, 4 walikuwa wanaume. Lakini wanawake wapatao 87,000 waliuawa mwaka huo, na kati yao 50,000 waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao. Hatari ya mwanamke, basi, imo nyumbani mwake.

Usukumani mizani iligeuka kabisa. Kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Katika Usukuma, zaidi ya wanne katika kila watano waliouawa hivyo walikuwa wanawake.

Ishara ya uchawi ilidaiwa kuwa macho mekundu. Nasi twakijua chanzo cha wekundu huo: kuni zilipoadimika, wanawake walipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi wake ukawachoma macho miaka nenda miaka rudi. Kazi ya kuwalisha wengine ikageuzwa ushahidi dhidi yao.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wilaya ya Meatu ulionyesha kuwa mauaji haya yaliongezeka maradufu katika miaka ya ukame au mafuriko, ilhali mauaji mengine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee wa kaya maskini, na aghalabu wauaji walikuwa jamaa zao. Hapana budi kukiri kwamba imani pekee haitoshi kuyaeleza haya. Chakula kilipopungua, asiye na kauli katika ukoo ndiye aliyehesabiwa kuwa mzigo. Sheria ya uchawi iliyotungwa mwaka 1928 haikumwokoa.

Sisi walimu tuna sehemu yetu katika jambo hili. Tusomapo darasani hadithi ya ajuza mchawi, yafaa tuwaulize wanafunzi: ni nani aliyempa jina hilo, na ni nani aliyerithi shamba lake?