Metadata: taarifa zinazokaa nje ya faili

Ukimuuliza mtaalamu wa kompyuta maana ya metadata, aghalabu atakujibu kwamba ni data kuhusu data. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimfai mtu anayeandika skripti ya kuhamisha mafaili kutoka diski moja kwenda nyingine. Anachohitaji kujua kwanza ni mahali taarifa hizo zinapokaa, na nani anazitunza.

Jina la faili, ukubwa wake, mmiliki, ruhusa za kulisoma na kuliandika, saa lilipobadilishwa mara ya mwisho: vyote hivyo havimo ndani ya faili. Vinatunzwa na mfumo wa mafaili, yaani utaratibu unaopanga vitu ndani ya diski. Ni kama leja ya mtunza ghala. Bidhaa ziko rafuni, habari zake ziko kwenye leja, na kila ghala lina leja yenye safu zake. Bidhaa ikihamia ghala ambalo leja yake haina safu ya mmiliki, jina la mmiliki halina pa kuandikwa.

Kwa sababu hiyo sipendi tafsiri ya “maelezo ya faili”, maana msomaji atadhani kuna mtu aliyekaa akaeleza yaliyomo. Kwa mtumiaji wa kawaida “taarifa za faili” inatosha. Kwa mwandishi wa programu napendekeza tubaki na metadata, ambayo inatamkika vizuri kwa Kiswahili na inakubali upatanisho uleule wa data: metadata hizi, metadata zake. Kila safu moja ya leja tuiite sifa. Zile safu ambazo mtumiaji anaweza kujiongezea, kama zinavyopatikana katika ext4, XFS na Btrfs za Linux, tuziite sifa za ziada.

Penye hatari zaidi ni kwenye saa. Katika Python, amri ya os.stat hukurudishia sifa tatu za wakati. st_mtime ni saa yaliyomo yalipobadilishwa, st_atime ni saa faili liliposomwa, na ya tatu ni st_ctime. Wanafunzi wengi huitafsiri hiyo ya tatu kuwa saa ya kuundwa kwa faili. Kwenye Linux na macOS tafsiri hiyo ni kosa: herufi c ni ya badiliko, na badiliko lenyewe ni la leja. Ukibadilisha ruhusa kwa os.chmod bila kugusa yaliyomo, st_ctime inasogea na st_mtime inabaki palepale. Kwenye Windows, kwa miaka mingi, sifa hiyohiyo ilirudisha kweli saa ya kuundwa. Jina moja likabeba maana mbili, na skripti iliyofanya kazi vizuri mahali pamoja ikadanganya mahali pengine bila kutoa kosa lolote. Toleo la 3.12 la Python, lililotoka mwaka 2023, lilianza kuiachisha maana hiyo ya Windows na kuelekeza watu kwenye st_birthtime. Kwa Kiswahili hatuna sababu ya kuurithi mkanganyiko huo. Tuseme “saa ya kuundwa” kwa st_birthtime, “saa ya badiliko la yaliyomo” kwa st_mtime, na “saa ya badiliko la taarifa” kwa st_ctime. Ni marefu, lakini hayampotezi mtu.

Halafu kuna flashi. Flashi nyingi bado zimeumbizwa kwa FAT32, mfumo ambao leja yake ni finyu: hauna mmiliki, hauna ruhusa za mtindo wa Unix, na saa ya badiliko la yaliyomo inaandikwa kwa hatua za sekunde 2. NTFS ya Windows huhesabu kwa vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari 1601, na ext4 inaweza kufika nanosekunde moja moja. Kwa hiyo skripti inayolinganisha saa kwa alama ya usawa itaona kwamba nakala iliyo kwenye flashi ni tofauti na asili, hata kama hakuna aliyeigusa, na itainakili upya kila siku. Ruhusu tofauti ya sekunde 2.

Tena FAT huandika saa ya mahali bila kutaja ni mahali gani. Faili lililohifadhiwa saa 3 asubuhi Mombasa, likifunguliwa kwenye kompyuta ya Windows iliyowekwa saa za Muscat, litasomeka saa 3 asubuhi ya Muscat, ambayo Mombasa ni saa 2. Faili limezeeka kwa saa nzima njiani. Skripti yenye kanuni ya “lililo jipya lishinde” inaweza kulifuta toleo jipya na kuliacha la zamani, na kazi ya mtu ikapotea.

Python yenyewe haifichi udhaifu huu. Moduli ya shutil ina copyfile, inayonakili yaliyomo tu; copy, inayoongeza ruhusa; na copy2, inayojaribu kubeba saa pia, na kwenye Linux sifa za ziada. Mwongozo wake unaonya tangu mwanzo kwamba hata copy2 haiwezi kubeba metadata zote: kwenye Linux na macOS mmiliki na kundi hupotea, na kwenye Windows hupotea mmiliki na orodha za ruhusa. Tena copy2 haipigi kelele ikishindwa kuhifadhi metadata. Inanyamaza na kuendelea. Kwangu huo ndio ukweli muhimu kuliko yote katika somo hili, maana watu hudhani kwamba ukimya ni mafanikio.

Basi mwandishi wa skripti afanye nini? Kabla ya kunakili, aamue ni sifa zipi ambazo kazi yake haiwezi kuishi bila hizo, kisha aziandike mwenyewe. Faili dogo la JSON likae kando ya mafaili, likitaja kwa kila moja ukubwa, saa ya badiliko kwa UTC, jina la mmiliki na alama ya SHA-256 ya yaliyomo. Alama hiyo ndiyo ya kuamini panapotokea shaka, kwa sababu inatokana na yaliyomo yenyewe na haitegemei leja ya mtu. Kama mmiliki na ruhusa ni lazima vifike, funga mafaili kwa tar kabla ya kuyaweka kwenye flashi, ukikumbuka kwamba FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Kama saa kamili nayo ni lazima ifike, zip haifai, maana saa yake ya kawaida ni ya hatua za sekunde 2 na haianzi kabla ya 1980.

Mwisho, baada ya kunakili, soma tena kwa os.stat kwenye diski ya pili na ulinganishe na orodha yako. Usifute asili kabla ya hapo.