Nishani ya Witu na Ngoma ya Wapokomo

Mkusanyaji mzoefu wa nishani za enzi za Napoleon hahangaiki sana na sura ya mfalme. Huigeuza nishani asome ukingo. Ile ya Waterloo walipewa askari wa Uingereza wa vyeo vyote waliopigana mwaka 1815, na ukingoni mwa fedha hiyo pamegongwa jina la askari na kikosi chake. Kwa kioo cha kukuzia hutafuta mkwaruzo: je, jina la zamani limefutwa likagongwa la shujaa mwingine? Nishani ya Mtakatifu Helena, ambayo Napoleon III aliwapa maveterani wa ami yake mwaka 1857, ni ya shaba na haina jina. Kwa hiyo hupatikana kwa bei nafuu. Mnunuzi anamtaka mtu. Chuma ni ushahidi tu.

Desturi hiyo ya nishani zenye majina ilifika mpaka jirani na Garsen, mji wa Mto Tana nchini Kenya. Ukishika barabara ya Lamu utapita Witu, mji ambao Admirali Fremantle aliuchoma Oktoba 1890 akimwandama Sultani Fumo Bakari, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko. Wanamaji wake walipata nishani yenye kibamba cha fedha kilichoandikwa "Witu 1890". Nayo hununuliwa kwa jina la baharia lililo ukingoni. Waliochomewa nyumba hawamo kwenye ukingo wowote, na sijui mnada unaowaulizia.

Wapokomo wa Mto Tana waliweka heshima yao mahali pengine kabisa. Ngadji, ngoma yao takatifu, haikuwa ya kuvaliwa kifuani wala kuonyeshwa. Ilifichwa, wengi wakaijua kwa mlio wake tu, na mamlaka yake yalikuwa ya jamii nzima. Mwanzoni mwa karne ya 20 maafisa wa kikoloni waliichukua, ikaishia katika ghala la Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Hapo ndipo naona mizani imepinda. Nishani aliyopewa mtu mmoja, yenye jina lake, leo huuzwa kwa yeyote mwenye pesa, wajukuu wapende wasipende. Ngoma ya watu wote ndiyo iliyofungiwa: wazao wa ufalme wa Wapokomo walikwenda kuiona ghalani wakarudi mikono mitupu, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya 1963 inalibana jumba hilo lisitoe mali zake.