Kombolela ya Milimani

Tulipocheza kombolela utotoni, kila mtu alitaka kujificha na hakuna aliyetaka kutafuta. Katika historia ya mbwa waokoaji mambo yamegeuka: anayetafuta ndiye hupigwa picha na kuvishwa nishani, na aliyejificha hatajwi. Makala haya yanamtafuta huyo.

Simulizi nyingi huanzia kwenye njia ya mlimani ya Great St Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, kati ya Uswisi na Italia. Watawa wa pale wamepokea wasafiri tangu karne ya 11, na kufikia mwisho wa karne ya 17 walikwishafuga mbwa. Barry, aliyeishi kati ya 1800 na 1814, anasifiwa kuokoa watu 40, na mpaka leo amehifadhiwa katika makumbusho ya Bern. Kipipa cha pombe anachochorwa nacho shingoni ni ubunifu wa wachoraji.

Mjini London, mwaka 1940, mbwa koko mmoja aliokotwa na mlinzi wa mtaa wa Poplar baada ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia kuanguka. Akaitwa Rip. Hakufundishwa na mtu, lakini alianza mwenyewe kunusa vifusi, na watu zaidi ya 100 walipatikana kwa msaada wake. Baadaye vitani walikuja mbwa waliofunzwa rasmi, akiwemo Irma, aliyehusika kuwapata watu 191, na 21 kati yao walikuwa hai. Safari moja aling'ang'ania kifusi kimoja kwa siku mbili mpaka wasichana wawili wakatolewa wazima. Rip na Irma wote walipewa Nishani ya Dickin, iliyoanzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama wa vita.

Lakini vita huisha, na milima hubaki. Hamish MacInnes, mpanda milima wa Glencoe huko Scotland, alikwenda Uswisi kuona mbwa wakifundishwa kutafuta watu waliofukiwa na maporomoko ya theluji. Aliporudi aliwafunza mbwa wake wawili, Rangi na Tiki, na mwaka 1965 kikazaliwa chama cha mbwa wa utafutaji na uokoaji, SARDA. Ni cha watu wa kujitolea: wana kazi zao, mbwa wanaishi nao nyumbani, na simu ikilia usiku wanaondoka bila kudai ujira.

Msingi wa kazi ni upepo. Mwili wa binadamu hudondosha chembe za ngozi bila kukoma, na upepo huzibeba katika mkondo ulio mwembamba karibu na mtu, na mpana kadiri zinavyokwenda mbali. Mwongozaji humpitisha mbwa akiukata upepo, huku na huku, mpaka pua ikutane na harufu hiyo. Mbwa hukimbia hadi kwa mtu, hurudi kwa mwongozaji, hubweka, kisha humpeleka. Mafunzo haya huchukua miaka. Mojawapo ya mitihani yake ni kupita katikati ya kondoo: mbwa anayewafukuza hafuzu, hata awe na pua kali namna gani. Naona ni haki, maana mlima ule ni wa mfugaji kwanza.

Sasa twende kwa aliyejificha. Ili mbwa ajifunze, lazima mtu apotee kwa makusudi. Hujilaza nyuma ya mwamba, ndani ya mfuko wa kulalia, mvua ikimnyeshea, akingoja saa nyingi bila kuchungulia. Waingereza humwita kwa jina ambalo kwao pia ni la mtu wa kutumwatumwa kazi ndogondogo. Mbwa akimfikia, humpokea kwa shangwe kama mgeni aliyengojwa sana, kwa sababu furaha hiyo ndiyo mshahara wa mbwa. Akimpokea kinyonge, somo limeharibika. Nani atampa nishani huyu?

Kwetu, mbwa hawa walionekana katika saa chungu. Baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998 mjini Nairobi, waokoaji wa Israeli walikuja nao kwenye vifusi vya jengo la Ufundi House. Uhusiano wetu na mbwa una pande mbili: kwa Waislamu wengi wa pwani yetu, wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi. Hata hivyo msikitini tumesomewa Suratul Kahf, na tunamjua mbwa aliyelala mlangoni mwa pango pamoja na vijana waliolala humo.

Morogoro, shirika la Apopo linawafundisha panya buku kazi iyo hiyo. Panya huvishwa kifuko mgongoni, huingia katika kifusi cha mazoezi, na akimkuta mtu huvuta swichi iliyo kifuani pake mwenyewe, kisha hurudi kupata chakula chake. Na huko ndani, gizani, kuna mtu amelala kimya, anangoja kupatikana.