Kulwa, Doto na Alama za Vidole: Utambuzi wa Mtuhumiwa Pacha Katika Mazingira ya Mpanda

Miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, ambao baadhi yao wamehamia Mpanda na sehemu nyingine za Katavi, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa na anayemfuata huitwa Doto, awe wa kike au wa kiume. Majina hayo huhifadhi mpangilio wa kuzaliwa. Hayamsaidii shahidi aliyeona sura usiku.

Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kuwa ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu mno, na kwamba lazima vipimwe umbali, muda, mwanga, na iwapo shahidi alimfahamu mtuhumiwa kabla. Kigezo hicho cha mwisho kwa kawaida humpa hakimu utulivu. Kwa mapacha wanaofanana ndicho cha hatari zaidi: jirani aliyemzoea Kulwa kwa miaka mingi huapa bila kusita kuwa alimwona Kulwa, kumbe aliyepita ni Doto. Gwaride la utambuzi nalo halitatui jambo, kwani shahidi atamgusa yeyote kati yao atakayepangwa mstarini.

Kidole hutoa jibu ambalo sura haina. Francis Galton, katika kitabu chake cha 1892, alibaini kuwa alama za mapacha hukaribiana kwa umbo la jumla lakini hazilingani katika vipengele vidogo. Michirizi hiyo hujengeka tumboni mwa mama, na mazingira ya kila kijusi huiathiri kwa namna yake. Sheria ya Ushahidi ya 1967 inaruhusu maoni ya mtaalamu kuhusu alama hizo kupokelewa mahakamani.

Ajabu ni kwamba maarifa mapya zaidi yalirudisha tatizo la kale. Vinasaba, vilivyotungiwa sheria yake mwaka 2009, hushindwa kwa kipimo cha kawaida kuwatenganisha mapacha wa yai moja.

Hata hivyo, alama lazima kwanza ipatikane. Ukuta wa udongo hauihifadhi vizuri kama kioo, na alama iliyopatikana husema nani aligusa, si lini. Ikikosekana, Jamhuri hubaki na watu wawili na mkosaji mmoja, huku ikidaiwa kuthibitisha pasipo shaka yenye mashiko ni yupi kati yao.