Vumbi la Mwisho, Mvua ya Kwanza

Butare ninayoiandika hapa si ule mji wa chuo kikuu ambao siku hizi unaitwa Huye. Ni umurenge wa Butare, wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo sisi wa ng'ambo ya mto tumezoea kuiita Cyangugu. Ni milima, na msitu wa Nyungwe hauko mbali, na Burundi pia haiko mbali. Mkimbizi akifika huko, mara nyingi anatafuta kibarua cha kulima. Na ukienda kutafuta kibarua mwishoni mwa mwezi wa nane, utaona jambo ambalo halimo kwenye ratiba yoyote ya kambi: watu wote wanatazama juu. Mabibi wetu wa Bukavu wakiona wingu la namna ile husema, "Mvula iko nakuya," halafu wanatafuta jembe.

Kwa Kinyarwanda kiangazi hicho kinaitwa Impeshyi, kuanzia Juni hadi Agosti. Mvua zinazofuata, kuanzia Septemba hadi Desemba, ni Umuhindo. Na Septemba yenyewe, Nzeri, ndiyo iliyokuwa mwezi wa kwanza katika hesabu ya zamani ya Wanyarwanda. Sikilizeni vizuri: mwaka haukuanza Januari. Ulianza pale vumbi linapolala.

Sasa tuwatazame wenzetu wa Ulaya, maana wengine wao wanafanya kazi hapa na wanasoma jarida hili. Kwao Septemba ni mwisho wa joto. Majani yanageuka rangi, yanaanguka, na washairi wanaandika juu ya kuagana. John Keats wa Uingereza aliandika shairi lake juu ya majira hayo mjini Winchester tarehe 19 Septemba 1819, baada ya kutembea kando ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Mwezi Februari 1821 alikufa kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25. Watoto wengi wa shule katika nchi zetu walikaririshwa mashairi ya majani yanayoanguka, huku nje ya dirisha mama zao wanapanda maharage. Hata Kiswahili kimejikwaa hapo. Wafasiri wengine huyaita majira hayo ya Ulaya "mapukutiko", wengine huandika "vuli". Lakini vuli kwa mtu wa pwani ni mvua za Oktoba hadi Desemba, ndugu wa Umuhindo. Neno moja linabeba kifo cha majani kule na kuota kwa mbegu huku.

Basi je, sisi wa Maziwa Makuu hatukuwa na mashairi ya kutoka kiangazi kuingia mvua? Tulikuwa nayo. Ila kazi yake ilikuwa nyingine.

Katika ufalme wa Rwanda kulikuwa na maandishi yasiyoandikwa, yaliyoitwa ubwiru. Yalikuwa mashairi marefu ya ibada, yaliyohifadhiwa kichwani na watu maalumu, abiru. Kila shairi liliitwa inzira, yaani njia, kwa sababu lilielekeza hatua kwa hatua: nani aje, alete nini, afanye nini. Kulikuwa na Inzira ya Umuganura, njia ya malimbuko, iliyohusu mtama na ulezi. Kulikuwa pia na Inzira ya Rukungugu, njia ya ukame. Na umukungugu kwa Kinyarwanda ni vumbi. Kwa hiyo vumbi lilikuwa na shairi lake, na mavuno yalikuwa na shairi lake. Mtu hakuyasoma ili afurahishe masikio. Aliyesema maneno yale alikuwa anaendesha mwaka, kama vile mtu anavyopiga ngoma ili watu waanze kazi.

Wa Ulaya wasituone wa ajabu. Mwanzoni mwa Juni 1944, redio ya BBC kutoka London ilisoma mistari ya shairi la Paul Verlaine juu ya majira ya majani kuanguka. Ilikuwa ishara ya siri kwa wapiganaji wa Ufaransa kwamba majeshi ya kuwakomboa yanakaribia. Siku hiyo hata shairi lao la kuagana liligeuka kuwa amri: ondokeni, kazi imeanza.

Njia ya malimbuko ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Abatsobe, na mkubwa wao aliitwa Gashamura. Mwaka 1925 serikali ya Wabelgiji ilimkamata na kumpeleka uhamishoni Burundi, na Umuganura wa kifalme ukapigwa marufuku. Nawaomba msome tena sentensi hiyo polepole. Wakoloni hawakuchoma kitabu, kwa sababu hapakuwa na kitabu. Walimhamisha mtu. Ukimwondoa mtu aliyebeba shairi, umeliondoa shairi, na mahali pa kulisemea pamebaki patupu.

Mwami wa wakati huo, Yuhi V Musinga, naye zamu yake ilifika. Novemba 1931 walimvua ufalme na kumleta kuishi wapi? Kamembe, hapa hapa Rusizi. Alikaa hadi 1940, halafu wakamvusha Congo, Moba, kando ya ziwa Tanganyika, na huko akafa mwaka 1944. Mimi hilo hunishangaza kila ninapolifikiri. Sisi tulivuka kutoka Congo kuja Rusizi. Mwami alitoka Rusizi kwenda Congo. Kila Nzeri aliyoishi Kamembe mvua ilirudi kama kawaida, naye hakuwa tena mtu wa kuipokea kwa niaba ya nchi. Alikuwa mtu aliyewekwa mahali. Ninyi mnaoishi kambini mnaelewa maana ya kuwekwa mahali.

Tusidanganyane pia. Mvua haikukatika kwa sababu ya amri ya mwaka 1925, wala haikuwa inaletwa na maneno peke yake. Njaa zilikuwapo kabla na baada. Wanyarwanda walizipa majina: Rumanura ya 1916 hadi 1918, wakati wa vita vya wazungu, Rwakayihura ya 1928 na 1929, Ruzagayura ya 1943 na 1944. Kwangu majina hayo ni mashairi ya neno moja. Wakati mashairi makubwa ya ikulu yalikuwa yamenyamazishwa, watu wa kawaida waliendelea kuyapa majira majina, na majina hayo hayakuhitaji kibali. Bibi asiyejua kusoma aliweza kukwambia alizaliwa kabla ya Ruzagayura au baada yake, na ukapata umri wake.

Na yale ya ikulu? Katika miaka ya 1940, padri Alexis Kagame, mshairi na mwanahistoria, alipewa ruhusa na Mwami Mutara III Rudahigwa, mtoto wa Musinga, kukusanya yaliyobaki kwenye vichwa vya wazee. Mwaka 1964 wataalamu wawili, Marcel d'Hertefelt na André Coupez, waliyachapisha maandishi ya njia hizo pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Kilichokuwa siri ya wachache kikawa kitabu. Na tangu 2011 serikali ya Rwanda imeurudisha Umuganura kuwa sikukuu ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Haufanani na ule wa wafalme. Lakini watu wanakula pamoja na watoto wanaonjeshwa mavuno, na hilo si dogo.

Swali langu ni juu yetu. Hapa kambini mwezi wetu unahesabiwa kwa siku ya mgao. Mtoto aliyezaliwa hapa anajua foleni ya posho kuliko anavyojua Nzeri. Ukimuuliza mvua inaanza lini, atakwambia, "Inapoanza." Hilo jibu linaniuma kuliko paa linalovuja. Mwaka mmoja shirika fulani lilituletea mbegu za kupanda kwenye magunia, na zikafika Novemba. Waliozileta hawakuwa watu wabaya. Tarehe yao ilitoka kwenye bajeti. Mboga nyingi zilikomaa wakati mvua zimekwisha pungua, na tulizimwagilia kwa madumu tuliyokuwa tunahitaji kupikia. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kusema: wakati ni sasa.

Hiyo ndiyo kazi ya shairi la majira, na ndiyo iliyochukuliwa mwaka 1925: kuwa na sauti inayojulikana, inayosema wakati ni sasa. Sisi hatuna mwami wala abiru. Lakini tunao wazee wa Kifuliiru, Mashi, Kinyamulenge na Kirundi, na kila mmoja ana maneno yake kwa zile siku chache kati ya vumbi la mwisho na mvua ya kwanza: ndege gani analia, mti gani unachipua kabla ya tone kuanguka, upepo unatoka upande gani. Wazee hao wakifa, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Mvua inayonyesha kwenye milima ya Butare hushuka hadi mto Ruhwa, Ruhwa huingia Rusizi, Rusizi huingia Tanganyika, na maji ya Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga kwenda Congo. Maji yanarudi nyumbani bila karatasi. Maneno hayawezi, yanahitaji mtu wa kuyabeba. Kwa hiyo, vijana, kabla Agosti haijaisha, kaeni na mzee mmoja mmoja, mwandike anavyoziita siku hizo, kwa lugha yake kwanza, halafu kwa Kiswahili. Nanyi ndugu wa mashirika, mkipanga tarehe ya mbegu, waulizeni hao hao. Watawaambia Nzeri.