Kufuatilia nasaba ya ukoo wa mikarafuuni: Kutoka Al Hamriya hadi Unguja na Pemba

Katika Bandari ya Al Hamriya, kwenye mwambao wa Deira mjini Dubai, majahazi ya mbao yangali yanapakia shehena, ijapokuwa siku hizi yanaendeshwa kwa injini badala ya tanga. Hubeba mipira ya magari, majokofu, mchele na magari yaliyokwishatumika, na mengi huelekea Berbera, Bosaso na Mogadishu. Mabaharia wengi ni watu wa Gujarat, India. Bandari hii isichanganywe na ile ya Hamriyah iliyoko Sharjah.

Kwa familia za Dubai zenye asili ya Zanzibar, jahazi si chombo cha biashara tu. Ndicho kilichowabeba wazee wao kwenda Afrika, na mara nyingine ndicho kilichowatoa huko. Kati ya safari hizo mbili kuna shamba la mikarafuu, na shamba hilo ndilo ufunguo wa historia ya ukoo.

Safari mbili

Kwa karne nyingi usafiri kati ya Ghuba na pwani ya Afrika Mashariki ulitegemea pepo za musimu. Kaskazi, ivumayo takriban tangu Disemba hadi Machi, iliyasukuma majahazi kuelekea Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa. Kusi ikawarudisha mabaharia makwao, wakiwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Boriti hizo ziliezekea nyumba nyingi za kale za miji ya Ghuba.

Baadhi ya wasafiri hawakurudi. Mikarafuu iliingizwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Saleh bin Haramil al-Abry. Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Maskati, aliupa kilimo hicho nguvu ya dola. Waomani wengi wakashika mashamba na kuwa wakulima, ingawa kazi ya jembe na ya kuchuma karafuu ilifanywa na watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikatangulia kwa uzalishaji.

Safari ya pili ilianza kwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Maelfu ya watu waliuawa au waliikimbia nchi. Wengine walikusanywa kambini, kisha wakapakiwa majahazini kuelekea Uarabuni. Oman ya Sultan Said bin Taimur haikuwafungulia mlango kwa ukunjufu, na hivyo wengi walitafuta makazi Dubai, Kuwait, Misri na Uingereza. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka tarehe 23 Julai 1970 aliwaita wenye asili ya Oman warejee. Wapo waliohamia Maskati, na wapo waliobakia Dubai.

Nasaba kama hoja ya uraia

Kwa watu hawa, kujua jina la babu wa babu hakukuwa burudani ya wastaafu. Sheria ya Shirikisho nambari 17 ya mwaka 1972 ya Umoja wa Falme za Kiarabu iliwatambua kuwa raia Waarabu waliokuwa wakiishi katika mojawapo ya falme hizo mwaka 1925 au kabla yake. Waarabu wenye asili ya Oman, Qatar au Bahrain waliwekewa muda mfupi zaidi wa ukaazi kabla ya kuomba uraia kuliko wageni wengine.

Maana yake ni kwamba aliyeshuka jahazini Dubai baada ya 1964 hakuweza kuutegemea mwaka 1925. Ilimpasa athibitishe asili, na ushahidi wa asili ulikuwa umebaki katika kisiwa alichokikimbia. Aliyekuwa na waraka, au mzee wa kabila aliyekubali kumshuhudia, alisonga mbele. Asiyekuwa navyo aliweza kuhesabiwa miongoni mwa mabiduni, watu wasio na uraia wa nchi yoyote.

Suala hilo liliendelea hadi karne hii. Mwaka 2008 Komoro ilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi, na maelfu ya mabiduni wa Ghuba, wakiwamo wenye asili ya Zanzibar, wakapewa pasipoti za visiwa ambavyo wengi wao hawakuwahi kuvikanyaga. Mpango huo uligeuka kashfa. Novemba 2022 rais wa zamani wa Komoro, Ahmed Abdallah Sambi, alihukumiwa kifungo cha maisha kuhusiana nao.

Jina na nisba

Hatua ya kwanza ya mtafutaji ni jina. Kwa desturi ya Kiarabu, jina hutaja mtu, baba na babu, kisha nisba ya kabila: Fulani bin Fulani bin Fulani al-Harthy, al-Barwani, al-Riyami, al-Mazrui na kadhalika. Mlolongo huo ni nusu ya ramani, lakini una mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni tahajia. Karani wa Kiingereza huko Zanzibar aliandika kadiri sikio lake lilivyosikia, na karani wa Dubai akaandika upya kwa Kiarabu sanifu. Nasor akawa Nasser, Seif akawa Saif, Mbarak akawa Mubarak. Anayetafuta kwa tahajia ya pasipoti peke yake huenda akampita babu yake bila kumtambua.

Mtego wa pili ni kalenda. Hati nyingi za makadhi zina tarehe za Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa takriban siku 11. Mwaka 1300 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Novemba 1882. Kujumlisha idadi moja ya miaka kwa kila tarehe humpotosha mtu.

Mtego wa tatu ni nisba yenyewe. Haikutumiwa na watoto wa kabila pekee. Watumwa walioachwa huru na wateja wa ukoo nao waliweza kuichukua. Nisba huonyesha uhusiano na ukoo. Haisemi ulikuwa uhusiano wa aina gani.

Fuata shamba

Watu huhama na majina hubadilika, bali shamba hubaki mahali pake. Kwa sababu hiyo hati za ardhi ndizo shahidi thabiti zaidi wa ukoo wa wakulima. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizoko Kilimani, zimehifadhi kumbukumbu za utawala wa kisultani na wa Kiingereza, zikiwamo za mauzo ya mashamba, rehani na kesi za mahakama.

Rehani ni za thamani ya pekee. Wenye mashamba wengi walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuweka mikarafuu yao dhamana. Deni lililouumiza ukoo ndilo lililouacha katika maandishi: jina la mkopaji na la baba yake, mahali lilipo shamba, na mara nyingine idadi ya miti.

Bora kuliko hata rehani ni faili la mirathi. Sheria ya Kiislamu haimwachi mrithi halali bila fungu. Mke mwenye watoto na marehemu ana thumuni, ambayo wake wakizidi mmoja hugawana, na binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Ili kugawa hivyo, kadhi hulazimika kuwataja wote. Mwanamke ambaye hakutajwa katika shajara iliyotundikwa ukutani aghalabu hupatikana hapo, kwa jina lake na la baba yake.

Wakfu nao ni hazina. Mwenye kuweka wakfu alieleza nani anufaike, kizazi baada ya kizazi. Usimamizi wa mali hizo uliwekwa chini ya kamisheni tangu mwanzo wa karne ya 20, na leo ni jukumu la Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Uzi wa umiliki hukatika baada ya 1964, serikali ilipotaifisha mashamba na kuyagawa kwa wananchi katika viwanja vya eka tatu. Hata hivyo mara nyingi jina la shamba halikufutika. Mjukuu anayefika Unguja au Pemba akiwa na jina hilo tu anaweza kuoneshwa mahali na wenyeji. Yampasa kukumbuka kwamba anayemuuliza huenda ni mrithi wa eka tatu hizo, naye ana historia yake ya shamba lilelile.

Mfano wa Sayyida Salme

Nguvu na upungufu wa nyaraka huonekana vyema katika ukoo mmoja mashuhuri uliounganisha Zanzibar na Ujerumani. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844. Baba yake alipofariki mwaka 1856 alirithi shamba lenye makazi, na mama yake alipofariki mwaka 1859 akarithi mengine matatu.

Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Walioana Aden mwaka uliofuata, naye akaitwa Emily Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 na 1888 alirudi Zanzibar kudai haki zake za urithi, lakini hakupata alichokitaka. Kumbukumbu zake zilichapwa Berlin mwaka 1886. Alifariki Jena mwaka 1924.

Wazao wake waweza kuifuatilia nasaba yao bila taabu: upande wa baba kuna daftari za Hamburg, upande wa mama kuna ukoo wa kifalme wa Al Busaid. Hata hivyo, ukiuliza habari za Jilfidan, mama yake Salme, njia inakuwa nyembamba. Alikuwa Mcherkesi aliyetekwa utotoni na kufikishwa katika nyumba ya sultani kama suria. Yanayojulikana juu yake yametokana kwa sehemu kubwa na kalamu ya binti yake. Iwapo hivyo ndivyo ilivyo kwa mama wa binti mfalme, haishangazi kwamba nasaba nyingi za mikarafuuni hunyamaza zinapofika kwa bibi.

Waliolima bila kumiliki

Kimya hicho ni kizito zaidi kwa wazao wa waliochuma karafuu. Nao pia wamo katika nyaraka, ila mara nyingi wameandikwa kama mali ya mtu mwingine.

Mwaka 1860 na 1861 balozi mdogo wa Uingereza, Christopher Rigby, aliwaachisha huru maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Wahindi, na orodha zikaandikwa. Amri ya Aprili 1897 ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini ilimtaka mtumwa mwenyewe aende kuomba uhuru wake, huku bwana wake akiweza kulipwa fidia. Masuria hawakujumuishwa hadi mwaka 1909. Maombi na malipo hayo yaliacha maandishi. Upande wa bara, vituo vya wamisionari kama Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1868, na Freretown karibu na Mombasa, cha mwaka 1875, viliandika ubatizo na ndoa za walioachwa huru.

Kwa hiyo mzao wa mtumwa hulazimika kumtafuta babu yake kupitia jina la aliyemmiliki, na mzao wa mmiliki akilifungua faili hilohilo hukutana na watu ambao hawakutajwa nyumbani kwao. Wengine huvumbua kwamba wao ni wa pande zote mbili.

Vipimo vya vinasaba vimeongeza ushahidi mwingine. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Machi 2023 ulichunguza mabaki ya watu 80, wengi wao kutoka miji ya kale ya pwani. Katika wengi, asili ya upande wa kike ilikuwa zaidi ya Kiafrika, na mchango wa kiume kutoka Uajemi ulianza kuchanganyika nayo takriban mwaka 1000. Lakini kipimo hakitaji jina la babu wala shamba lake.

Pa kuanzia

Anayeanza leo Dubai, Maskati, Mombasa au Toronto na aanze na wazee, na aanze mapema. Awaulize majina ya akina bibi kabla ya yale ya akina babu, kisha jina la shamba, la mji wa karibu, na la jirani. Anakili hati zote za nyumbani, zikiwamo barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo vijana wengi hawawezi tena kuzisoma.

Kisha aelekee kwenye hifadhi za nyaraka: Kilimani kwa Zanzibar, Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam kwa rekodi za enzi ya Wajerumani, na mamlaka ya nyaraka ya Oman iliyoundwa mwaka 2007. Kumbukumbu nyingi za maafisa wa Kiingereza wa Ghuba zinasomeka bila malipo katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa mwaka 2014.

Akilipata faili la shamba, asome majina yote yaliyomo, si ya ukoo wake pekee. Katika ukurasa mmoja wanaweza kuwamo aliyemiliki, aliyemkopesha, mjane aliyerithi thumuni na mchumaji aliyeandikwa kwa jina moja tu bila baba. Wajukuu wa hao wote wangali hai, pande zote mbili za bahari, na yawezekana mmoja wao analitafuta faili hilohilo.